Tani Moja ya Kushuka Nayo Mombo: Mafunzo Niliyopata kwenye Pikapu

Barabara ya Lushoto hadi Mombo haifiki kilomita 40, lakini ndani yake unateremka karibu mita 1,000. Mji wa Lushoto uko kwenye mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Mombo iko chini kabisa, kwenye joto, pale barabara inapokutana na ile kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Katikati kuna Soni, kuna kona zinazofuatana bila kukupa nafasi ya kupumua, mwamba ubavu mmoja na bonde ubavu wa pili. Humo ndimo zinamopita kabichi, karoti, viazi, nyanya na hoho za Usambara zinazokwenda kuliwa Tanga na Dar es Salaam.

Nimebeba mizigo katika njia hiyo kwa miaka mingi, nikianzia kwenye uutingo. Nimebeba pia mchanga, saruji na mbao kwenye tambarare za Korogwe na Muheza. Mengine kati ya haya nimeyaona kwa macho, mengine nimepewa na mafundi na madereva wakongwe waliokuwa na subira ya kunielekeza. Nayaandika kwa sababu naona vijana wakikabidhiwa funguo na kuonyeshwa mahali pa kupakia, basi. Hakuna anayewaambia habari ya uzito.

1. Gari kupanda na mzigo si ushahidi kwamba limeuweza

Hili ndilo mama wa yote. Injini ya dizeli ya pikapu ina nguvu nyingi. Ukiipakia tani mbili na kuitia gia namba moja, itanguruma, itatoa moshi, lakini itaondoka. Wapakiaji watapiga makofi kwenye bodi na kusema, "Limekubali hilo, twende." Kilichokubali ni injini peke yake. Ekseli haijaulizwa, beringi hazijaulizwa, wala tairi, wala chesisi, wala breki. Vyote hivyo huchoka kimyakimya. Injini ikizidiwa hukuambia papo hapo, tena kwa sauti. Breki zikizidiwa hukuambia mkiwa katikati ya mteremko.

Tangu nielewe hivyo, nikisikia dereva akisifia gari lake kwa "kuvuta", huwa namuuliza linasimama vipi.

2. Uzito wa gari umeandikwa, tafuta ulipoandikwa

Kadi ya gari ina uzito wa gari likiwa tupu na uzito wa juu linaoruhusiwa kufika pamoja na kila kilichomo. Magari mengine yana bamba dogo kwenye nguzo ya mlango lenye namba hizo. Toa ya kwanza kwenye ya pili, kinachobaki ndicho haki yako.

Tuchukue pikapu yenye kilo 1,750 ikiwa tupu na ukomo wa kilo 2,800. Inabaki kilo 1,050. Wengi huishia hapo na kusema, "Ni gari la tani moja." Lakini dereva na utingo ni kilo 150. Keria la chuma ulilochomelea, mbao za kuinulia ubavu, jeki kubwa na turubai lililolowa umande vinaweza kufika 80 au zaidi. Ukishavitoa umebaki na kilo 820 hivi, yaani magunia manane ya kilo 100. La tisa tayari umezidisha.

Nitasema pia kuhusu kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, kwa sababu ndizo zimejaa masokoni siku hizi. Nyingi huja kutoka Japani zikiwa zimetumika, na huko gari la mzigo hubandikwa ukomo wa mzigo wake nyuma, kwenye mlango wa bodi. Kwa vigari vile vidogo maandishi ya Kijapani humalizika na namba tunayoweza kuisoma sote: kilo 350. Nimeziona namba hizo zikichungulia chini ya rundo la matofali au mifuko 20 ya saruji. Mfuko mmoja ni kilo 50, kwa hiyo mifuko 20 ni tani nzima, karibu mara tatu ya kilichoandikwa pale pale nyuma ya gari.

3. Bodi ikijaa haina maana mzigo umetosha

Bodi ya pikapu ya kawaida yenye urefu wa mita 2.3, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 45 inabeba mita moja na nusu za ujazo. Ijaze kabichi na huenda ukawa salama. Ijaze mchanga uliolowa, ambao mita moja ya ujazo inakaribia tani mbili, umebeba karibu tani tatu kabla hata kilele hakijazidi kingo. Kwa macho mchanga huo unaonekana mzigo wa kistaarabu. Haujapanda juu, haujafungwa kamba, trafiki hageuki hata kuutazama.

Mbao nazo zina hila yake. Mbao mbichi iliyotoka msumenoni leo imejaa maji, na inaweza kuwa nzito kwa kiasi kikubwa kuliko mbao ile ile ikishakauka. Ukikubaliana idadi ya mbao na mteja aliyezoea kusafirisha zilizokauka, fanya hesabu upya.

4. Lumbesa inamwibia na dereva

Tumezoea kuisema lumbesa kama dhuluma kwa mkulima, na ni kweli. Gunia linashonewa kilemba, linauzwa kwa bei ya gunia moja, mkulima anarudi nyumbani na hela pungufu. Sheria za vipimo hapa Tanzania haziruhusu gunia la mazao kupita kilo 100, na nchini Kenya kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka ukomo wa kilo 50. Lakini twende upande wa pili wa biashara. Dereva naye analipwa kwa gunia. Magunia kumi ya kilo 100 ni tani moja. Magunia kumi yenye vilemba, kila moja likiwa na kilo 140, ni kilo 1,400. Hela ni ile ile ya magunia kumi. Kilo 400 umezibeba bure, kwa tairi zako, kwa springi zako, kwa mafuta yako, na kwa roho yako ukianza kuteremka.

Mazungumzo yenyewe huwa magumu, maana anayekuomba mara nyingi si mtu mbaya. Ni mama anayetafuta ada za watoto.

"Mwanangu, haya mawili yaliyobaki utayaacha kweli? Yataniozea hapa."

"Mama, ombi lako nalipokea kwa heshima, lakini haya mawili ni karibu kilo 300. Gari halitasimama."

"Kwani jana yule kijana si alibeba?"

Hapo ndipo maneno huisha nguvu. Kilichonisaidia ni mizani ya kuning'iniza. Natundika gunia moja mbele ya mwenye mzigo, tunasoma pamoja, kisha tunazidisha pamoja. Watu wazima wakiona namba hubadilika. Asipobadilika, namwambia kwa heshima atafute gari jingine, na simsemi kwa wenzake. Bei naifunga kwa kilo kila ninapoweza. Kwenye masoko mengi wanaona ni usumbufu, lakini mkulima na dereva wangekuwa na sababu moja ya kuidai pamoja.

5. Springi za kuongeza huficha uzito, haziupunguzi

Pikapu ikianza kukalia mkia, ushauri wa kwanza wa gereji ni kuongeza majani ya springi. Fundi anaongeza mawili au matatu, gari linasimama wima, mwenye gari anafurahi. Lakini ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, chesisi ni ile ile, na breki hazijaongezwa hata unywele. Umeondoa dalili moja tu iliyokuwa ikikuambia ukweli.

Kuna jambo hapa ambalo mafundi wengi hawalisemi, na mimi nilionyeshwa na fundi mzee wa Korogwe aliyenilaza chini ya gari kwa tochi. Pikapu nyingi, zikiwemo Hilux za matoleo mengi, zina valvu kwenye bomba la breki za nyuma, na valvu hiyo ina fimbo iliyofungwa kwenye ekseli. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, fimbo inaiambia valvu ipunguze nguvu ya breki za nyuma ili tairi zisiburuzike. Likipakiwa, nyuma inashuka, fimbo inasogea, valvu inafungua na breki za nyuma zinapata nguvu kamili.

Sasa ongeza springi ngumu. Pakia tani moja na nusu. Nyuma haishuki. Fimbo haisogei. Valvu inaamini gari ni tupu, inabana breki za nyuma, na sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha inaangukia magurudumu ya mbele. Umeongeza mzigo na kupunguza breki kwa mkono mmoja. Kama ni lazima springi zibadilishwe, valvu ile irekebishwe siku hiyo hiyo na fundi anayeijua. Nimekuta magari ambayo fimbo imekatwa au kufungwa kwa waya, na mwenye gari hana habari.

6. Tairi nalo lina namba yake

Ubavuni mwa tairi, baada ya vipimo vya ukubwa, kuna namba ya uzito. Tairi la mzigo lililoandikwa 112 linabeba kilo 1,120 likiwa limejazwa upepo unaotakiwa. Namba 94, inayoonekana sana kwenye tairi za magari madogo ya abiria, ni kilo 670. Mtu anayefunga tairi mbili za 94 nyuma ya pikapu, kwa sababu ni bei rahisi na zinaingia kwenye rimu, ana uwezo wa kilo 1,340 kwa ekseli nzima. Ekseli yenyewe na sehemu ya gari iliyo juu yake tayari ni karibu kilo 700. Hesabu iliyobaki unaweza kuimaliza mwenyewe.

Upepo ukipungua, hata tairi la 112 halibebi 1,120. Ubavu unajikunja na kujikunjua kila mzunguko, unazalisha joto, na nyuzi za ndani zinaanza kuachana. Ndiyo maana tairi nyingi hupasuka kwenye tambarare ya Mombo kuelekea Korogwe, lami ikiwa imewaka na dereva akiona hatari imekwisha kwa kuwa mlima umepita. Pima upepo asubuhi tairi likiwa baridi. Likiwa la moto usilipunguze kwa kuona limezidi, maana hiyo ni kazi ya joto, na utakuwa umelipunja.

7. Mteremko unaamuliwa juu, kabla hujauanza

Kila mzigo unaouteremsha unakuja na nguvu ambayo lazima iishie mahali. Gari lenye jumla ya kilo 2,800 likishuka mita 1,000, nguvu yake ikigeuka yote kuwa joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya bomba. Ongeza tani moja na umeongeza kama lita 30 nyingine. Swali ni nani atalibeba joto hilo. Kuna injini, ambayo ina rejeta na feni na imeumbwa kwa ajili hiyo. Na kuna breki: diski mbili mbele, madramu mawili nyuma, na ute kidogo kwenye mabomba.

Ukiteremka gia ya juu mguu ukiwa juu ya breki, umezichagua breki. Ute wa breki hunyonya unyevu kadiri unavyokaa. Ule wa DOT 3 ukiwa mpya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi. Ukishaingiwa na maji, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ute ukichemka unatoa mvuke, na mvuke hubanwa. Hapo unakanyaga pedali inakwenda chini kama inakanyaga sponji, na hakuna kinachotokea kwenye magurudumu. Mwenye gari atasema baadaye kwamba "breki zilifeli ghafla". Zilianza kufeli kilomita kadhaa nyuma, na kabla ya hapo kwenye kibanda cha kupakia, na kabla ya hapo siku alipokataa kubadilisha ute kwa sababu gari "linashika vizuri".

Tunavyofanya sisi wa njia hii ni hivi. Gia ambayo ungeitumia kupandia na mzigo huo ndiyo ya kuteremkia, na unaiingiza juu, barabara ikiwa bado tambarare. Ukishaanza kushuka na mwendo umekuzidi, kurudisha gia huwa bahati nasibu. Breki zinakanyagwa kwa nguvu ya kutosha hadi mwendo ushuke, kisha zinaachiwa kabisa zipoe. Nyutro haiguswi, uwe mteremko wa Soni, uwe wa Kitonga, uwe wa Sekenke, hata kama mwenye gari amekupa mafuta ya kubania. Injini haizimwi, kwa sababu ikizimwa unapoteza na msaada wa breki na wa usukani. Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali imeanza kulegea, tafuta pa kusimama hapo hapo ungali na breki za kusimamia. Utingo aruke na mbao za kuzuia tairi, ambazo zinakaa karibu na mlango wake wala si chini ya mzigo. Na madramu ya moto yasimwagiwe maji, yanaweza kupasuka. Kaa. Ongea na watu. Kabichi haziozi kwa nusu saa.

Kuhusu mwendo nitasema kifupi. Ukiongeza mzigo kwa nusu, nguvu ya kuzimwa na breki inaongezeka kwa nusu. Ukiongeza mwendo kutoka 60 hadi 80, inaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Anayezidisha vyote viwili anavizidisha kimoja juu ya kingine.

8. Mahali mzigo unapokaa ni sawa na uzito wake

Kilo 200 ukiziweka mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye pikapu ambayo ekseli zake zimeachana kwa mita 3 na kitu, ekseli ya nyuma inabeba karibu kilo 265. Zile 65 za ziada zimeinuliwa kutoka mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na wengi huufurahia wepesi huo bila kujua ni tairi za mbele zinaiacha barabara. Zile ndizo zinazokata kona, na ndizo zenye breki kubwa. Vizito vyote vikae mbele, vikiegemea kichwa cha gari, vyepesi vifuate nyuma.

Kimo nacho. Tenga za nyanya zilizopangwa hadi juu ya keria zinaweza kuwa ndani ya uzito halali na bado zikaliangusha gari kwenye kona. Na nyuma ikikalia chini, taa za mbele zinatazama angani, anayekuja mbele yako usiku haoni kitu.

9. Mizani ya barabarani haikupimi wewe

Madereva wa pikapu hupita pembeni ya mizani wakiwapungia wenzao wa malori, na hujiona wasafi. Mizani ile ipo kwanza kwa ajili ya barabara. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 ya kudhibiti uzito wa magari inashughulika na ekseli za lori, ikiwa na ukomo wa tani 56 kwa gari kubwa kabisa, na hapa nchini wanaotakiwa kupima ni magari ya kuanzia tani 3.5. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, uharibifu wa barabara unakaribia mara 16. Kwa kipimo hicho pikapu yako ni mdudu, lami haina shida nayo.

Lakini hakuna aliyekagua kama breki zako zinatosha kwa ulichobeba. Kazi hiyo umeachiwa wewe.

10. Juu ya mzigo hapakai mtu

Vibarua wakimaliza kupakia hupanda juu kabisa waende nao sokoni. Mama mwenye tenga hukaa juu ya tenga lake alilinde. Gari likisimama ghafla, wao hawana mkanda, hawana ubavu wa kushika, na mzigo wenyewe unawafuata wanakoangukia. Nimewahi kufika mahali ajali ilipotokea dakika chache kabla yangu, na tangu hapo jambo hili silijadili. Siwashi gari.

Anayetaka kusema "wote wanafanya hivyo" aangalie ni kina nani hasa wanaowekwa juu. Ni wale wasio na nauli. Nauli ya basi ya mpakiaji mmoja hadi Mombo ni hela ndogo, na inapaswa kuwa ndani ya bei ya safari tangu mwanzo, kama mafuta.

11. Unaponunua pikapu iliyotumika, unanunua na mizigo yake yote

Rangi mpya haikuambii kitu. Ingia chini. Tazama chesisi nyuma ya kichwa cha gari na pale mabano ya springi yanapofungwa. Ukiona bamba la chuma limechomelewa kwa ndani, uliza lilifuata ufa gani. Simama mbali kidogo utazame mwanya kati ya kichwa na bodi: ukiwa mwembamba juu na mpana chini, au kinyume chake, chesisi imepinda. Hesabu majani ya springi na uyalinganishe na gari jingine la aina hiyo. Ifuate ile fimbo ya valvu hadi kwenye ekseli. Zungusha gurudumu la nyuma likiwa limenyanyuliwa na usikilize beringi. Kisha fungua kikopo cha ute wa breki, na ukiukuta mweusi, mwombe mwenye gari akupeleke mwenyewe kwenye mteremko wa karibu.

Wengi hukataa.